Kigingi Nyuma ya Zizi

Upepo wa kijiji cha Sigino hauna adabu. Unafungua milango bila hodi. Unawavua wazee kofia mbele ya kanisa siku ya Jumapili. Lakini wakati wa kuvuna mbaazi hakuna anayeulalamikia. Natalia husimama uani kwake, huinua ungo, na upepo humfanyia kazi yote. Makapi huenda zake. Mbaazi hubaki kwenye turubai, safi, tayari kwa gunia.

Siku hiyo Natalia alikuwa akipepeta. Mumewe, Teodori, alikuwa amepeleka magunia mjini Babati. Binti yao, Anjela, alikuwa shuleni. Mama mkwe wake, Bibi Gaudiosa, alikaa kwenye kibaraza cha nyumba mpya. Alikuwa akichambua mboga na kukosoa kila alichokiona.

"Mama Anjela, unainua ungo chini mno," alisema.

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia, lakini hujainua."

Nyumba hiyo mpya ilikuwa fahari ya familia. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati jekundu, na mlango wake ulitazama mashariki. Walikuwa wamehamia mwaka uliopita tu. Zamani waliishi bondeni, kwenye nyumba ya udongo iliyoingia maji kila masika. Natalia ana usingizi mwepesi. Kule bondeni aliamka kila chura alipolia. Hapa juu, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alikuwa analala mpaka jogoo awike. Aliipenda nyumba hiyo kwa moyo wake wote.

Mara wakatokea vijana wawili wamevaa reflekta za njano. Mmoja alibeba chombo cha kupimia ardhi chenye miguu mitatu. Mwingine alibeba nyundo.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu Bibi Gaudiosa. "Mnatafuta nini kwenye zizi langu?"

"Hatutafuti kitu, Bibi. Tunaweka alama tu."

Wakapita nyuma ya zizi la ng'ombe, upande wa mashariki. Wakapigilia kigingi chenye kichwa chekundu. Natalia akaweka ungo chini.

"Alama ya nini?" aliuliza.

"Hapa utasimama mtambo wa umeme wa upepo, Mama. Ni mnara mrefu sana. Juu una mapanga matatu yanayozunguka."

"Kama pangaboi ya dukani?" aliuliza Bibi Gaudiosa.

Kijana alicheka. "Kama hiyo, Bibi. Ila panga moja tu la kwetu ni refu kuliko kanisa lenu."

Wakaaga, wakaenda kupigilia vigingi vingine. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka, na haraka haina baraka.

Jioni Teodori alirudi. Alianza kupiga kelele kabla hajafika uani.

"Mama Anjela! Umeuona?"

"Nimeona kigingi."

"Si kigingi hicho, ni mtambo! Mjini habari ni hiyo tu. Kampuni itatulipa kodi ya ardhi kila mwaka. Watu wameshaanza kuniita Baba Mtambo!"

"Kwa hiyo Anjela ni dada wa mtambo?"

Teodori alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeoa upya.

"Utapiga kelele?" Natalia aliuliza.

"Kelele gani? Upepo ni upepo tu."

"Umewahi kuusikia mtambo wa namna hiyo?"

"Mimi? Ningeusikia wapi?"

"Basi hujui."

Teodori alikula ugali wake kwa raha. Natalia hakula sana. Kupitia mlangoni alikiona kichwa chekundu cha kigingi, karibu kabisa. Je, atarudi tena kwenye maisha ya kukesha? Aliogopa. Tena aliona aibu kuogopa, kwa sababu kila mtu alikuwa akifurahi.

*

Novemba ikaingia. Mvua za vuli hazikuja. Mawingu yalikusanyika juu ya Mlima Kwaraa, yakaitazama Sigino, yakaondoka. Mashamba yalikuwa yamelimwa. Mbegu zilikuwa zimenunuliwa. Watu walitazama juu mpaka shingo zikawauma.

Sasa, juu ya kilima palikuwa na mlingoti mwembamba wa chuma. Ulishikiliwa na waya pande zote. Kileleni kulikuwa na vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka. Kampuni iliusimamisha mwanzoni mwa mwaka ili kupima nguvu ya upepo. Kwa miezi mingi hakuna aliyeujali. Mbuzi walijikuna kwenye waya zake.

Kisha mtu mmoja akasema kisimani, "Vile vikombe ndivyo vinavyochota mvua."

Asubuhi ilikuwa hivyo. Kufika mchana, vikombe vilikuwa vinafukuza mawingu. Kufika jioni, vilikuwa vinachota mvua yetu na kuipeleka Ulaya. Maneno hayana miguu, lakini Sigino yanakimbia kuliko bodaboda.

Bibi Gaudiosa alisikia, akasimama. Akaichukua fimbo yake.

Hapa inafaa tuseme jambo moja. Wairaqw, watu wa huku, wana desturi ya zamani. Mvua ikigoma, na watu wakiona kuwa ardhi imekosewa, akina mama hutoka pamoja. Huacha jiko, huacha shamba, hushika fimbo na kuimba njia nzima. Hawaombi ruhusa kwa mwanamume yeyote. Na mwanamume mwenye akili hukaa pembeni wapite.

"Kesho tunatoka," alisema Bibi Gaudiosa.

Kesho yake alfajiri akina mama walijaa njiani. Walitoka Sigino yote, na wengine walikuja kutoka kijiji jirani cha Singe. Waliimba mpaka vifaranga wakajificha chini ya mama zao. Natalia naye alikuwemo. Hakuwa na uhakika na habari ya vikombe, lakini kuimba pamoja kulimpa nguvu. Tangu kigingi kipigiliwe, hiyo ilikuwa siku ya kwanza ambayo hakujiona peke yake.

Walipofika kileleni, mama mmoja alitoa msumeno wa chuma kwenye khanga.

"Tuanze na waya ipi?" aliuliza.

"Ile nene," alisema Bibi Gaudiosa.

Hapo ukasikika mlio wa pikipiki ikipanda kilima kwa shida. Aliyeiendesha alikuwa Zena, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Zena alizaliwa mjini, kwenye duka la baba yake, Mzee Alawi. Lakini alikuwa amepanga chumba Sigino, na kila mama pale alimfahamu. Aliwahi kuwafundisha kwenye vikundi vya kufuga kuku. Alivua kofia ngumu, akahema.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," waliitikia. Msumeno ukarudi kidogo ndani ya khanga.

"Bibi Gaudiosa, naomba kuuliza swali moja tu. Baada ya hapo mkitaka kukata, mimi ni mmoja na nyinyi ni wengi."

"Uliza."

"Mlingoti huu ulisimamishwa lini?"

"Januari," alisema Natalia.

"Na masika ya mwaka huu, mvua ilikuwaje?"

Akina mama wakatazamana. Masika ya mwaka huu! Mvua ilinyesha mpaka daraja la bondeni likazama. Nyumba ya zamani ya Natalia ilianguka ukuta mmoja.

"Ilinyesha sana," alikubali mama mwenye msumeno.

"Na vikombe vilikuwepo?"

"Vilikuwepo."

"Na ule mwaka ng'ombe walipokufa kwa ukame, vilikuwepo?"

Mwaka ule hapakuwa na mlingoti, hapakuwa na chochote. Palikuwa na vumbi tu.

"Vikombe hivi vinahesabu kasi ya upepo," alisema Zena. "Havigusi wingu. Mvua ikichelewa, sababu zake ziko mbali, mpaka baharini. Tena mkikata waya hii, mlingoti utawaangukia nyinyi wenyewe. Mkipona, mtapelekwa polisi. Halafu siku ya mkutano wa kampuni, akina mama wote wa Sigino watakuwa mahabusu. Nani atawasemea?"

"Mkutano gani?" aliuliza Natalia.

"Jumamosi ijayo. Tangazo liko ofisi ya kijiji."

"Baba Anjela aliniambia ni mkutano wa wenye mashamba."

"Na wewe unalima wapi, Mama Anjela? Hewani?"

Akina mama wakacheka. Natalia hakucheka. Aliyoyaficha kwa wiki nyingi yalitoka yenyewe.

"Mimi siogopi vikombe," alisema kwa sauti. "Naogopa kigingi. Wamepigilia kigingi nyuma ya zizi letu. Nimejenga nyumba ili nilale. Sasa sijui kama nitalala."

Zena akamtazama. "Nyuma ya zizi? Umbali gani?"

"Njoo uone."

Wote wakashuka kilima. Safari hii hawakuimba.

*

Zena alisimama kwenye kigingi. Akaitazama nyumba. Akakitazama tena kigingi.

"Hapana," alisema. "Hii si sawa. Mitambo mikubwa hukaa mamia ya mita kutoka kwenye nyumba, mara nyingi zaidi ya nusu kilomita. Hapa nikirusha limau, Bibi Gaudiosa analidaka."

"Kwa hiyo mtambo una kelele kweli?" Natalia aliuliza.

"Ndiyo. Si kelele ya mashine ya kusaga, lakini ni mvumo unaokwenda na kurudi. Ukiwa mbali, ni kidogo. Ukiwa hapa, utausikia kila upepo ukivuma."

"Hapa upepo huvuma kila siku!"

"Ndiyo maana wamekuja, mama yangu."

Zena akakaa kwenye kibaraza. Akina mama wakamzunguka. Aliwaambia kwamba kuna hofu za maneno, na kuna hofu za kweli. Mtambo haufukuzi mvua. Haufanyi ng'ombe wakose maziwa. Hauharibu mimba. Lakini mtu akizitaja hizo mkutanoni, wataalamu watazicheka, na hofu za kweli zitapita bila kusikika.

"Na za kweli ni zipi?" aliuliza mama mwenye msumeno.

"Sauti, kama nilivyosema. Malori makubwa wakati wa ujenzi, na vumbi lake. Barabara mpya zinazokata njia za ng'ombe na mifereji ya maji. Ndege wanaokwenda ziwani Babati kugongwa na mapanga. Ardhi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Halafu kuna kivuli."

"Kivuli ni kitu kibaya?" Bibi Gaudiosa alishangaa. "Mimi nakipenda kivuli."

"Hiki kinatembea, Bibi. Jua la asubuhi likiwa nyuma ya mapanga, kila panga linalopita linakata mwanga. Giza, mwanga, giza, mwanga. Si kila siku. Ni miezi fulani na saa fulani. Lakini nyumba yenu inatazama mashariki, na kigingi kiko mashariki."

"Sielewi."

Natalia alielewa. Akachukua ungo wake. "Mama, ingia ndani. Kaa kwenye kigoda, utazame mlango."

Bibi Gaudiosa akaingia, akakaa. Jua lilikuwa bado chini, likiingia mlangoni moja kwa moja. Natalia akasimama nje, akaanza kupitisha ungo mbele ya mwanga. Akapitisha, akaondoa. Akapitisha, akaondoa.

Mwanzoni Bibi Gaudiosa alitabasamu. Kisha akakunja uso. Kisha akafunika macho.

"Acha! Unanitia kizunguzungu!"

"Nimepitisha mara chache tu, Mama. Mtambo hautachoka."

Bibi Gaudiosa akatoka nje akipepesa macho. Akakitazama kigingi kwa hasira mpya kabisa.

"Tuking'oe," alisema.

"Hapana!" Zena alicheka. "Mkiking'oa, watapigilia kingine. Wao kigingi wanacho, lakini kibali bado hawajapata. Kabla ya kibali, sheria inataka ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira na kwa watu. Ni lazima wananchi wasikilizwe. Mkutano wa Jumamosi ni sehemu ya hiyo tathmini. Mnachosema pale kinaandikwa. Msichosema hakiandikwi, na baadaye mtaambiwa hapakuwa na tatizo."

Teodori alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi muda wote. Sasa akasogea. Uso wake ulikuwa umeshuka.

"Dada Zena, mke wangu akilalamika, kampuni si itakwenda kwingine? Tutaukosa mtambo."

"Baba Anjela, mambo si mawili tu, kukubali yote au kukataa yote. Katikati kuna kusema wapi na vipi. Upepo hauvumi kwenye kigingi kimoja."

"Lakini wakiusogeza, utatoka kwenye shamba langu."

"Huenda."

Teodori akamgeukia Natalia. "Umesikia? Huenda! Unataka watu wanicheke mjini?"

"Nataka kulala, Baba Anjela."

"Utazoea!"

"Kule bondeni ulisema hivyo hivyo kuhusu vyura. Nilizoea?"

Teodori akaondoka kwenda kwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshapewa majani. Natalia aliumia. Alimpenda mumewe, na alijua furaha yake ilikuwa ya kweli. Lakini nyumba nayo ilikuwa ya kweli.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha. Ilinyesha usiku na mchana, mlingoti ukiwa umesimama palepale, vikombe vikizunguka kwa fujo. Bibi Gaudiosa alitoka na mwavuli, akautazama juu kilimani.

"Haya," aliuambia. "Wewe huna kosa."

*

Jumamosi asubuhi watu walijaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Wanaume walikuwa wamekalia viti vya mbele. Mwenyekiti wa kijiji, Elieza, alikuwa amevaa koti licha ya joto. Karibu naye alisimama mhandisi wa kampuni, kijana mpole aitwaye Feisal. Nyuma yake kulikuwa na ramani kubwa kwenye ubao.

Ndipo nyimbo zikasikika. Akina mama wa Sigino walikuja wote kwa pamoja, fimbo mkononi, na kila mmoja na ungo kichwani. Uwanja mzima ukageuka kuwatazama.

"Mnakuja mkutanoni au mnakuja kupepeta?" Mwenyekiti Elieza alitania.

"Tutaona," alijibu Bibi Gaudiosa. "Vijana, viti."

Vijana wakainuka haraka. Akina mama wakakaa mbele. Na Teodori? Teodori alikuwa amekaa nyuma kabisa, amefumbata mikono.

Feisal alieleza vizuri. Alieleza kwamba nchi inahitaji umeme, na kwamba upepo hautoi moshi. Wanaume waliuliza kuhusu ajira. Wakajibiwa. Mwenyekiti akatazama saa.

"Kama hakuna swali lingine..."

"Lipo," alisema Natalia.

Alisimama. Hajawahi kuzungumza mbele ya watu wengi kiasi hicho, hata kanisani. Akaushika ungo kifuani.

"Mimi naitwa Natalia, Mama Anjela. Sikuja kukataa umeme. Nataka kujua kuhusu sauti. Kigingi kimoja kiko nyuma ya zizi letu."

"Usijali, Mama," alisema Feisal kwa upole. "Kwa umbali tulioupanga, sauti itakuwa ndogo kama ya friji."

"Baba, sina friji."

Uwanja ukaangua kicheko. Feisal naye akacheka, akashika kichwa. Kicheko hicho kilimtoa Natalia woga wote.

"Na kivuli?" aliendelea. "Jua la asubuhi litakapopita nyuma ya mapanga?"

"Kivuli si tatizo kubwa, Mama. Ni..."

"Naomba ukae kwenye benchi hili. Utazame jua linakotoka."

Feisal akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama Zena. Zena akatazama juu angani. Basi Feisal akakaa.

"Haya, mama zangu!"

Akina mama wakasimama mstari mmoja mbele yake. Wakaanza kupitisha nyungo zao mbele ya jua, moja baada ya nyingine, kwa mwendo mmoja, kama wanavyopepeta pamoja. Giza, mwanga. Giza, mwanga. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mapigo hayo. Feisal alicheka. Kisha akapepesa macho. Kisha akainua mkono.

"Nimeelewa! Nimeelewa, mama zangu, basi!"

Nyungo zikasimama. Feisal aliinuka, lakini sasa hakuwa na haraka tena.

"Mama Anjela, nyumba yako iko wapi? Nionyeshe kwenye ramani."

Natalia akaiendea ramani. Akalipata kanisa. Akaipata njia ya kisima. Akafuata kwa kidole mpaka kwenye kilima. Kidole kikasimama.

"Hapa. Lakini siioni."

Feisal akasogea karibu. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kwenye ramani yangu hapa ni mahindi," alisema taratibu. "Hii picha ilipigwa kutoka angani miaka kadhaa iliyopita. Ulijenga lini, Mama?"

"Mwaka jana."

"Basi sisi tulipopanga, hatukujua kama kuna nyumba, na vijana wa vigingi walifuata ramani tu."

Kutoka nyuma kabisa, kiti kikaanguka. Teodori alikuwa amesimama.

"Hamkujua?" alisema. Sauti yake ilipasuka. "Nyumba ipo! Matofali yale nimeyachoma mwenyewe. Mke wangu ameyabeba kichwani kutoka bondeni. Kila tofali! Mnaniita Baba Mtambo, na kumbe kwenye ramani mimi sina hata nyumba?"

Akapita katikati ya watu mpaka mbele. Akasimama kando ya Natalia.

"Andikeni," alimwambia Feisal. "Hapa pana nyumba. Wanaishi Teodori, mkewe Natalia, mtoto wao na mama yao. Mtambo usogee. Mimi nilitaka uwe kwangu, na sasa nasema usogee."

Natalia alitaka kulia, akatabasamu. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka punda wa Mwenyekiti akajibu.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kusema. Mzee mmoja alionyesha njia ya ng'ombe kwenda majini, ambayo barabara mpya ingeikata. Mwalimu aliomba malori yasipite wakati watoto wanakwenda shule. Mama mwenye msumeno alionyesha mahali ndege aina ya korongo wanapopita kila mwaka, asubuhi na jioni, wakishuka ziwani. Watu wengine watatu wakagundua kuwa hata nyumba zao hazimo kwenye ramani. Feisal aliandika mpaka wino ukamwishia, akaazima kalamu.

Mwenyekiti alipotaka kufunga, Zena alinyoosha mkono.

"Kwanza yasomwe kwa sauti yaliyoandikwa. Kila mtu asikie kama yake yamo."

Yakasomwa. Moja lilikuwa limesahaulika, la njia ya ng'ombe. Likaongezwa. Ndipo watu wakatawanyika.

*

Haikuwa kazi ya siku moja. Wataalamu walirudi mara kadhaa. Walipita nyumba kwa nyumba, wakachora ramani mpya. Safari hii hawakupita kwa haraka. Bibi Gaudiosa aliwatembeza mwenyewe, na kila walipokosea njia aliwaambia. Mwishowe Feisal akaja na Zena, wakapanda kilima pamoja na familia. Akaonyesha mahali papya, ng'ambo ya kilele, kwenye eneo la kijiji lenye mawe matupu ambako mahindi hayajawahi kuota.

"Kutoka hapa hadi nyumbani kwenu ni mbali ya kutosha," alisema. "Kivuli hakitafika. Sauti tutaipima baada ya kuwasha, na namba ya kulalamikia itabandikwa ofisi ya kijiji. Mkiona tofauti na tulivyoahidi, pigeni. Njia ya ng'ombe haitakatwa. Kodi ya eneo hili italipwa kwa kijiji."

Teodori aliyatazama yale mawe. Mtambo haukuwa wake tena. Akashusha pumzi.

"Kijiji kimepata," alisema. "Na mimi ni mwanakijiji."

Mjini walimtania kwa miezi. "Baba Mtambo bila mtambo!" Naye alijibu, "Njooni kwangu mwone nyumba. Sasa imo hata kwenye ramani." Wakati wa ujenzi alipata kibarua cha kuongoza malori. Alivaa reflekta ya njano hata siku za kupumzika.

Ikafika asubuhi ya kuwasha. Familia nzima ilisimama uani. Ng'ambo ya kilima zilionekana ncha nyeupe za mapanga. Yalitingishika. Yakaanza kuzunguka, kwanza polepole, kisha kwa mwendo mmoja. Anjela alirukaruka akishangilia. Jua likachomoza na kuingia ndani ya nyumba bila kukatwa na kitu.

"Nyamazeni," alisema Teodori. "Tusikilize."

Wakanyamaza. Jogoo aliwika. Bati liligonga kidogo.

"Mimi sisikii kitu," alisema Bibi Gaudiosa.

"Mimi nasikia," alisema Natalia.

Wote wakamgeukia.

"Kwa mbali. Kama mto uliojaa, ng'ambo kule."

Teodori alimtazama kwa wasiwasi. "Utaweza kulala?"

Natalia alifikiri. Hakutaka kusema ndiyo ili kumfurahisha mtu. Hakutaka kusema hapana bila kujua.

"Ngoja nijaribu," alisema.

Akaingia ndani, jua likiwa limeshachomoza, yeye ambaye hajawahi kurudi kitandani kukishakucha tangu utoto wake. Mlango akauacha wazi. Akajinyoosha kitandani. Wengine wakabaki uani, hawathubutu hata kukohoa. Mapanga yakazunguka. Upepo ukavuma. Bibi Gaudiosa akaweka sikio mlangoni.

Baada ya muda akainua kidole. Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ndogo, ya kwenda na kurudi. Natalia alikuwa anakoroma.

Anjela alitaka kukimbia kumwita. Bibi akamshika mkono.

"Mwache," alinong'ona. "Huyo ndiye anayejua, na ameshajibu."

Teodori akachukua ndoo, akaenda mwenyewe kukamua ng'ombe.